Chevalier d'Éon: aliyekubali kuchorwa, akakataa kukaguliwa

Historia ya Ufaransa ina mtu mmoja ambaye lugha ya Kifaransa imehangaika naye kwa zaidi ya miaka mia mbili. Anayetaka kuandika juu yake hukwama kwenye sentensi ya kwanza kabisa, pale anaposema kwamba alizaliwa: je, aiweke ile herufi ya kike mwishoni mwa kitenzi au aiache? Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunaifahamu taabu hiyo, maana imetupotezea alama nyingi katika imla. Wako waandishi wanaotumia umbo la kiume mpaka mwaka 1777 kisha wakahamia la kike. Wengine hushikilia la kiume mpaka kaburini. Kila chaguo ni hukumu inayotolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Kiswahili kina kiambishi a-, ambacho hakiulizi swali hilo, kwa hiyo maisha haya yanaweza kusimuliwa kwa lugha yetu bila mwandishi kujifanya hakimu. Nitajaribu.

Jina kamili ni refu: Charles-Geneviève-Louis-Auguste-André-Timothée d'Éon de Beaumont. Msomaji ataona kwamba Geneviève ni jina la kike. Hilo lisimshangaze mtu, kwa sababu siku zile mtoto aliweza kubatizwa kwa majina ya jinsia zote mbili bila yeyote kuinua kichwa. D'Éon alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1728 huko Tonnerre, mji mdogo wa Bourgogne, katika familia ya wanasheria wenye heshima kuliko fedha. Alisoma Paris, akapata shahada ya sheria mwaka 1749, akaanza kuandika juu ya fedha za serikali na kodi. Kwa vyovyote vile alikuwa mtu wa vitabu, na akabaki hivyo mpaka mwisho.

Mwaka 1756 d'Éon aliingizwa katika kikundi cha siri cha Mfalme Louis XV, kilichofanya kazi ya ujasusi na mazungumzo ambayo hata mawaziri wa mfalme mwenyewe hawakuyajua. Alipelekwa Saint Petersburg, kwenye ubalozi wa Ufaransa. Hapa ndipo ilipozaliwa hadithi inayopendwa mno na watunzi wa riwaya, kwamba aliingia katika nyumba ya Malkia Elizabeth wa Urusi akiwa amevaa kama msichana msomaji wa vitabu. Wanahistoria waliopekua nyaraka hawakuona uthibitisho wake, na mimi naiacha hapo. Jambo la hakika ni kwamba alifanya kazi nzuri Urusi, akarudi mwaka 1760, akawa kapteni wa kikosi cha dragoni, yaani askari wa farasi, na akapigana katika Vita vya Miaka Saba.

Vita vilipokaribia mwisho alipelekwa London kama katibu wa balozi aliyekwenda kujadiliana amani. Mkataba ulitiwa sahihi Paris mwezi wa Februari 1763. Mfalme akampa d'Éon Msalaba wa Saint Louis, nishani kubwa ya kijeshi. Naomba msomaji aikumbuke nishani hiyo, kwa maana tutaiona tena juu ya kila vazi.

Mambo yakaharibika mwaka uleule. D'Éon alikuwa amekaimu kazi ya ubalozi kwa miezi kadhaa, akiishi kama balozi na kutumia fedha kama balozi. Alipofika balozi mpya, Comte de Guerchy, d'Éon aliamriwa arudi kwenye ukatibu, kisha aondoke kabisa. Alikataa. Mezani kwake alikuwa na karatasi za siri za mfalme, zikiwemo za mpango wa kuchunguza pwani ya Uingereza kwa ajili ya kuivamia baadaye. Machi 1764 alichapisha kitabu kikubwa chenye barua za kibalozi, na London nzima ikakisoma. Alishtakiwa kwa kumkashifu Guerchy na akapatikana na hatia. Naye akamshtaki Guerchy kwa kujaribu kumtilia sumu, na jopo la raia wa Kiingereza likaona shitaka hilo linastahili kusikilizwa. Kashfa ilikuwa kubwa. Mfalme, aliyeogopa zile karatasi nyingine ambazo hazijachapishwa, mwishowe alimpa posho ya livre 12,000 kwa mwaka ili akae kimya hukohuko Uingereza.

Kuanzia mwaka 1770 hivi uvumi mpya ulienea London, kwamba kapteni huyu wa dragoni ni mwanamke. Waingereza wa wakati ule walicheza kamari juu ya kila kitu, na hili likawa dau la kupendeza kuliko yote. Watu waliweka fedha katika soko la fedha la London, wakaandikiana hati kama zile za bima: nikilipa kiasi hiki leo, utanilipa mara kadhaa itakapothibitika kwamba d'Éon ni mwanamke. Kulikuwa na tatizo moja tu. Ili dau lilipwe, lazima mtu auone mwili. D'Éon alikataa kuonwa. Aliahidiwa fedha, akakataa. Alitishwa kwamba atakamatwa njiani na kuvuliwa nguo kwa nguvu, akajificha kwa muda na kutembea na silaha.

Kukataa huku nakuona kuwa moyo wa maisha yake, kuliko ujasusi na panga. D'Éon hakuwahi kusema kwamba jinsia yake ni siri. Miaka michache baadaye aliitangaza hadharani na kuitia sahihi. Alichokataa ni kwamba mtu mwingine, mwenye fedha mfukoni na macho ya udadisi, ndiye athibitishe.

Mwili ulipofichwa, watu walichukua kalamu. Wachonga chapa wa London walianza kuuza sura ya d'Éon kwa kila aliyekuwa na senti. Mwaka 1771 ilitoka chapa ya dhihaka iliyomwonyesha kama mwanamke aliyejipenyeza katika chama cha fremasoni, kwa kuwa d'Éon alikuwa mwanachama wa loji moja ya London. Mwaka 1777 gazeti la London Magazine lilitoa picha iliyogawanywa katikati kutoka kichwani hadi miguuni: upande mmoja gauni na nywele zilizopambwa, upande mwingine koti na upanga. Chapa hiyo ndiyo inayorudiwa zaidi katika vitabu mpaka leo. Ni ya ustadi, lakini ni picha ya dau, wala si picha ya mtu. Inamwonyesha kama swali lenye majibu mawili.

D'Éon alijibu kwa silaha ileile. Alikubali kuchorwa, na mara nyingi. Zilitoka chapa za kumtukuza zikimwonyesha kama Minerva, mungu wa kike wa Kirumi wa hekima na vita, akiwa na kofia ya chuma kichwani. Ufaransa, mchonga chapa Jean-Baptiste Bradel alitoa picha zake za sura baada ya 1777 na kuziweka wakfu kwa dragoni wa jeshi. Tofauti kati ya makundi haya mawili ya picha ni ya wazi. Katika zile za dhihaka, mtazamaji anaalikwa kuchungulia. Katika zile d'Éon alizozikubali, mtazamaji anakutana na mtu aliyekaa wima, na kifuani ana Msalaba wa Saint Louis, kana kwamba anasema amekwisha kupimwa vitani na hahitaji kupimwa tena.

Louis XV alifariki mwaka 1774, na mrithi wake akataka zile karatasi zirudi. Alitumwa Beaumarchais, yule mtunzi wa tamthilia tunayemsoma katika masomo ya fasihi. Mwaka 1775 yeye na d'Éon walitia sahihi makubaliano marefu. D'Éon angerudisha karatasi na kupewa haki ya kurudi nyumbani, na kwa hati hiyohiyo alikiri kwamba ni mwanamke na angevaa mavazi ya kike. Ruhusa ya kuvaa Msalaba wake juu ya gauni aliipigania sana, akaipata.

Julai 1777 suala la kamari lilifika mbele ya Jaji Mansfield, London, katika kesi ya Hayes na Jacques. Mashahidi waliapa kwamba wanajua. Mshitakiwa hakuleta shahidi wa kuwapinga. Jopo likaamua kwamba d'Éon ni mwanamke, bila d'Éon mwenyewe kuwapo mahakamani. Ila mwaka uliofuata, katika kesi nyingine ya dau hilohilo, Da Costa na Jones, Mansfield aligeuza msimamo. Alikataa kabisa kulipisha dau la namna hiyo, kwa hoja kwamba watu wawili hawana haki ya kucheza kamari juu ya mtu wa tatu na kumletea aibu na madhara. Wanafunzi wa sheria wa Uingereza bado wanaisoma kesi hiyo. Naiona kuwa moja ya mara chache ambapo mahakama ya karne ile ilimtetea d'Éon, tena bila kukusudia sana.

D'Éon alifika Versailles Agosti 1777 akiwa katika sare ya dragoni. Mfalme akatoa amri ya maandishi: aivue, avae mavazi ya jinsia yake. Malkia Marie-Antoinette aligharimia nguo mpya, na Rose Bertin, mshonaji wa malkia mwenyewe, akazishona. Hapa mambo yanakuwa magumu kwa yeyote anayetaka shujaa mwepesi. D'Éon alitaka kutambuliwa kama mwanamke, na bado alililia sare yake. Aliomba kurudi jeshini ili apigane katika vita vya Marekani. Alipozidi kung'ang'ania, alikamatwa mwaka 1779 na kufungwa katika ngome ya Dijon, kisha akarudishwa Tonnerre kwa mama yake. Jinsia aliyoidai ilikuja na masharti ya wengine: kaa nyumbani, shona, nyamaza. Nguo aliikubali. Kunyamaza hakukuweza.

Niweke mabano hapa, kwa kuwa hili ni jarida la lugha. Nimesema Kiswahili kinatuokoa kwa kiambishi a-. Ni kweli kwenye karatasi. Lakini mtu aingie sokoni hapa kwetu aone kama anaweza kununua hata fungu la sombe bila kusema mama au baba. Sarufi yetu haiulizi jinsia, salamu zetu zinaiuliza mara kumi kwa siku. Kwa mtu aliyezaliwa huntha, yaani mwenye maumbile yasiyoingia kwa urahisi upande wa kiume wala wa kike, au kwa mtu anayejitambua kwa jinsia tofauti na ile aliyoandikiwa alipozaliwa, kiambishi a- ni nyumba nzuri yenye mlango mgumu. D'Éon alikuwa na bahati mbaya ya kupata ugumu pande zote mbili: vitenzi vya Kifaransa vilimtaka achague, na salamu za Versailles pia. Alichagua kutia sahihi kama chevalière, neno la cheo cha kijeshi lenye mwisho wa kike. Ndani ya neno hilo moja nishani na gauni vimekaa pamoja, kama katika picha zake.

Mwaka 1785 alirudi London, na hakuiona Ufaransa tena. Tarehe 9 Aprili 1787, katika jumba la Carlton House, mbele ya mwana wa mfalme wa Uingereza, d'Éon alishindana kwa vitara na Chevalier de Saint-Georges. Mpinzani huyu anastahili makala yake peke yake. Alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mtoto wa mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa aitwaye Nanon na bwana Mfaransa mwenye mashamba. Alikuwa mtunzi wa muziki na mmoja wa mabingwa wakubwa wa kitara katika Ulaya nzima. D'Éon alikuwa na umri wa miaka 58, amevaa gauni jeusi, na alimgusa Saint-Georges mara kadhaa. Mchoraji Robineau aliichora siku hiyo, na picha iko mpaka leo katika mkusanyiko wa familia ya kifalme ya Uingereza. Ninapoitazama naona watu wawili ambao sheria na desturi za Ufaransa hazikujua ziwaweke wapi, mmoja kwa ngozi yake na mwingine kwa mwili wake, na wote wawili wamesimama katikati ya ukumbi, wakiwa na silaha mikononi, huku wakubwa wamejipanga ukutani kuwatazama.

Mapinduzi ya Ufaransa yalimfurahisha d'Éon na yakamfilisi. Posho ilikatika. Vitabu vyake, vikiwemo vingi juu ya maisha ya wanawake mashuhuri, vilipelekwa mnadani. Mwaka 1792 aliliandikia Bunge la Paris akiomba kuongoza kikosi cha wanawake vitani, ombi lililopigiwa makofi na kusahauliwa. Akabaki na kitara chake. Alizunguka miji ya Uingereza akifanya maonyesho kwa kiingilio mpaka mwaka 1796 huko Southampton, ambako aliumizwa vibaya. Alikuwa na miaka 67.

Ni katika miaka hiyo ya dhiki ndipo ilipochorwa picha iliyo bora kuliko zote. Mfaransa Jean-Laurent Mosnier alimchora, na kazi yake ikaonyeshwa katika chuo cha kifalme cha sanaa, London, mwaka 1791. Mwaka uliofuata Mwingereza Thomas Stewart akainakili kwa rangi za mafuta. Katika nakala ya Stewart tunamwona mtu wa makamo aliyenenepa kidogo, gauni jeusi, kitambaa cheupe shingoni, kofia yenye manyoya na utepe wa rangi tatu za Mapinduzi. Msalaba wa Saint Louis uko mahali pake. Kwenye taya kuna kivuli cha ndevu zilizonyolewa asubuhi. Mchoraji hakukificha kivuli hicho wala hakukifanyia mzaha. Hakuna upande wa kulia na upande wa kushoto, hakuna mstari katikati. Ni mtu mmoja, mzima, anayemtazama anayemtazama.

D'Éon aliishi miaka yake ya mwisho akichangia makao na mjane aitwaye Bi Cole, katika umaskini, akiugua na akiandika kumbukumbu ambazo hazikuchapishwa. Alifariki tarehe 21 Mei 1810, akiwa na umri wa miaka 81. Bi Cole aliyekaa naye miaka hiyo yote alipata mshtuko alipouandaa mwili. Tabibu Thomas Copeland aliitwa. Mbele ya mashahidi aliupasua mwili na kuandika cheti kwamba viungo vyake ni vya kiume, vilivyokamilika. Kile d'Éon alichokikataa kwa miaka arobaini, mbele ya fedha na vitisho, kilifanywa pasipo ridhaa yake mara tu alipokuwa hawezi kukataa. Hata uso wake wa mwisho ulitolewa katika chapa, pamoja na maneno ya tabibu.

Kwa watu wengi cheti hicho kilifunga mjadala: d'Éon alikuwa mwanamume mwongo. Wapo waliotafuta njia ya katikati, wakidhani alikuwa huntha, lakini maneno ya Copeland hayawaungi mkono sana. Wanahistoria wa siku zetu, na hasa Mmarekani Gary Kates katika kitabu chake cha 1995, wameuliza swali jingine: kwa nini mtu ambaye hakuna aliyeweza kumlazimisha tena London aliendelea kuvaa gauni na kuitwa mwanamke kwa zaidi ya miaka 20, mpaka kifo? Hapo uwongo hautoshi kuwa jibu. Mwongo hupumzika akiwa peke yake.

Jina lake lilianza kufanya kazi ambayo mwenyewe hakuifikiria. Mtaalamu wa Kiingereza Havelock Ellis alilitumia kuunda neno la kitabibu kwa watu kama yeye, na mwaka 1966 ilianzishwa Uingereza jumuiya ya kusaidiana ya watu wanaovaa mavazi ya jinsia nyingine na waliobadili jinsia, ikajiita Beaumont Society kwa heshima yake. Mwaka uleule, mjini Budapest, wanawake waliokwenda kushindana katika riadha ya Ulaya walipitishwa uchi mbele ya madaktari ili wathibitishwe kuwa wanawake. Kwa hiyo ile shauku ya soko la fedha la London haikufa pamoja na d'Éon. Ilibadili nguo tu.

Kuhusu picha ya Stewart, ilipotea machoni pa watu kwa muda mrefu. Ilipotokea tena ilikuwa inauzwa Marekani kama picha ya mwanamke asiyejulikana mwenye manyoya kwenye kofia, ikidhaniwa ni kazi ya mchoraji mwingine, Gilbert Stuart. Mfanyabiashara wa sanaa wa London aliyeinunua aliona kile kivuli kwenye taya. Uchafu na rangi iliyofubaa viliposafishwa, sahihi ya kweli ya mchoraji ikaonekana, na sura ikalinganishwa na chapa za zamani. Mwaka 2012 jumba la taifa la picha za watu mashuhuri, London, liliinunua na kuitundika miongoni mwa majenerali, mabalozi na waandishi wa karne yake. Kibao chini yake kina jina la d'Éon.